Joto chini ya magurudumu, barafu chini ya nyayo

Kila mwaka nifikapo kwenye mada ya jotofiche, huona macho ya wanafunzi wangu wa fizikia yakianza kulemewa na usingizi. Si ajabu. Mtoto aliyezaliwa Kitui au Kakamega, ambaye theluji pekee aliyowahi kuiona ni ile ya kileleni mwa Mlima Kenya katika picha ya kalenda, ataionaje maana ya kuambiwa kwamba kilo moja ya barafu huhitaji kilojuli 334 ili iyeyuke, tena bila halijoto yake kupanda hata nyuzi moja? Huiandika namba hiyo daftarini, akaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha akaisahau. Mimi nami niliikariri vivyo hivyo, nikaifundisha vivyo hivyo kwa miaka mingi, hadi ilipokuja kumvunja mdogo wangu mkono.

Mnamo Februari 2019 nilikuwa mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea mdogo wangu, ambaye, kama Wakenya wengi wa jimbo hilo, hufanya kazi ya kuwatunza wazee. Alikuwa zamu ya usiku. Mwezi huo ulivunja rekodi ya Februari zote za mji huo: theluji iliyoanguka ilifikia takriban sentimita 99. Kila alfajiri niliamshwa na mlio wa sepetu zikikwaruza saruji, maana sheria ya mji huwataka wenye nyumba waondoe theluji kwenye njia ya waendao kwa miguu iliyo mbele ya nyumba zao katika muda wa saa 24 tangu ilipokoma kuanguka.

Nyumba moja tu haikuwa na sepetu. Mbele ya nyumba ya mzee jirani, njia ya kuingilia gari ilikuwa nyeusi, imelowa, na mvuke mwembamba ulikuwa ukipaa juu yake ilhali pande zote mbili theluji ilikuwa imefika magotini. Nilidhani bomba la maji limepasuka.

"La, kaka," mdogo wangu aliniambia huku akicheka. "Chini ya saruji hiyo mna nyaya za umeme."

Nilitaka kujua zaidi, na hivi ndivyo nilivyoelezwa. Kabla ya saruji au lami kumwagwa, fundi hutandaza nyaya maalumu zikienda na kurudi kama mistari ya shamba lililolimwa kwa ng'ombe, zikiachana kwa sentimita chache tu. Nyaya hizo hupinga mkondo wa umeme, na upinzani huo ndio unaozaa joto, kama ilivyo katika pasi au hita ya kuchemshia maji. Kando yake huwekwa kifaa cha kuhisi, ambacho huwasha mtambo pale tu mambo mawili yanapokutana: baridi inayokaribia nyuzi sufuri, na unyevu. Baridi kavu haiuwashi, wala mvua ya kiangazi. Mtambo wa aina hiyo aghalabu hula wati 400 au zaidi kwa kila mita moja ya mraba.

Ualimu ni maradhi yasiyo na likizo. Nilitwaa karatasi nikaanza kupiga hesabu, na ninamwomba mwanafunzi asomaye makala haya apige nami. Njia ya mzee ilikuwa na upana wa mita 5 na urefu wa mita 12, yaani mita za mraba 60. Kwa wati 400 kila mita, tunapata kilowati 24. Ukiuwasha mtambo huo kwa saa 8, umetumia uniti 192 za umeme. Sasa tazama upande wetu. Katika viwango vya bei vilivyoanza kutumika nchini Kenya Aprili 2023, kundi la chini kabisa la wateja wa nyumbani ni la wale wasiozidi uniti 30 kwa mwezi. Theluji ya usiku mmoja, katika ua wa mtu mmoja, hula umeme ambao jamaa wa kundi hilo wangeutumia kwa zaidi ya miezi sita!

Hesabu haikuishia hapo. Theluji mpya ya kimo cha sentimita 10 huwa na uzito wa takriban kilo 10 katika kila mita ya mraba, yaani kilo 600 katika ua mzima. Zidisha kwa 334, kisha ugawanye kwa 3,600 ili upate uniti: jibu ni 56 hivi. Kuyeyusha theluji yenyewe kulihitaji uniti 56; sehemu kubwa ya zilizosalia ilipotelea hewani na ardhini. Nilimwonyesha mdogo wangu karatasi yangu kwa kejeli, nikasema kwamba huu ni ufujaji ambao hata firauni angeuonea haya. Yeye alinyamaza. Alikuwa akivaa viatu vyake vya kazi.

Asubuhi iliyofuata alishuka kwenye basi, akaja akitembea polepole kwenye njia ya miguu. Alipofika mbele ya nyumba ya mzee, akateleza. Nilisikia kilio chake kutoka jikoni. Nilipomfikia, nilimkuta ameketi chini akiushika mkono wake wa kulia, na kifundo tayari kimevimba.

Kilichomwangusha kilikuwa ni maji ya yule mtambo. Yalikuwa yametiririka kutoka kwenye ua uliopashwa joto, yakafika kwenye njia ya umma isiyokuwa na waya wowote chini yake, na huko yakaganda upya yakawa utando wa barafu usioonekana. Nyaya zilikuwa zimelipa zile kilojuli 334 kwa kila kilo ili gari lipite pakavu. Hatua mbili mbele, maji yakazirudisha kilojuli zile zile kwa anga, na deni likaangukia mkono wa mwanamke aliyekuwa akitoka kazini.

Aliyetupeleka hospitalini ni mzee yule yule, kwa sababu gari lake ndilo pekee katika mtaa ule lililoweza kutoka uani saa hiyo. Tulipokuwa tukingoja mgonjwa wetu afungwe plasta, alinieleza bila mimi kumwuliza. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameugua moyo, na daktari wake akamkataza kugusa sepetu. Kusukuma theluji katika baridi kali ni kazi ngumu ya ghafla, na kila msimu wa baridi yako mioyo inayosimama sepetu ikiwa mkononi. Hakuweka nyaya zile kwa majivuno. Aliziweka ili awe hai. Kosa, alisema, ni kwamba fundi hakumchimbia mfereji wa kuyapokea maji mwishoni mwa ua, na yeye hakujua kwamba ulihitajika.

Nilikumbuka karatasi yangu ya kejeli, nikaona haya. Hata hivyo hesabu zake hazikuwa za uongo, na hapa ndipo penye hoja ninayotaka kuiweka mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi. Joto hili si dhambi wala si muujiza. Tunapaswa kuuliza limewekwa kwa ajili ya nani, na limetoka wapi.

Chukua swali la kwanza. Gari halihitaji ua mzima. Huhitaji mistari miwili ya magurudumu. Wapo wanaotandaza nyaya katika mistari miwili tu, yenye upana wa sentimita 60 kila mmoja. Katika ua wa mita 12 hiyo ni mita za mraba 14.4. Ongeza kijia cha mita 1 kwa 6 kutoka mlangoni, na jumla ni mita 20.4. Kwa saa zile zile 8, umeme utakuwa uniti 65 hivi, theluthi moja ya zile za awali. Mzee angelindika, na zingebaki uniti tele za kupasha joto ngazi za hospitali, miteremko ya viti vya magurudumu, na vituo vya basi, mahali ambapo watu huteleza kweli. Chumvi inayomwagwa badala yake nayo ina gharama: wakala wa jimbo la Minnesota unaosimamia uchafuzi hufundisha kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi chatosha kuchafua galoni tano za maji.

Kuhusu swali la pili, iko miji iliyokwisha kulijibu kwa hekima. Mjini Holland, jimboni Michigan, tangu mwaka 1988 joto ambalo lingetupwa na mtambo wa kuzalisha umeme hupitishwa katika mabomba ya maji chini ya barabara na njia za miguu za katikati ya mji. Kule Reykjavik, Iceland, maji ya moto ya ardhini yakishapasha nyumba joto hubaki na nyuzi 35 hivi, nayo hupitishwa chini ya njia ili kuyeyusha theluji kabla ya kuachwa. Huko mtu wa miguu hutembea juu ya makombo ya joto, na makombo hayo yanamtosha.

Iceland si ngeni kwetu. Tangu mwaka 1979 kumekuwa na mafunzo ya nishati ya ardhini nchini humo, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka wataalamu wengi zaidi. Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, hatuna theluji ya kuyeyusha. Lakini tuna joto linalobaki, na kuna wenye kulihitaji, kama walivyokwisha kuonyesha wakulima wa maua wa Naivasha wanaopasha vibanda vyao kwa joto la ardhini. Mwanafunzi anayeulizwa leo kuhusu jotofiche huenda ndiye atakayeulizwa kesho makombo hayo yaende wapi.

Kiangazi cha mwaka ule mdogo wangu alinipigia simu. Mzee alikuwa amekata saruji mwishoni mwa ua wake, akaweka mfereji, na akasogeza nyaya chache hadi ukingoni mwa njia ya miguu. Mkono wake ulikuwa umepona, ila humuuma baridi inapoanza. Tangu hapo, nikifika kwenye ile namba 334, sianzi kwa kuiandika ubaoni. Ninaanza kwa kuwasimulia wanafunzi habari za mwanamke aliyeshuka kwenye basi alfajiri. Bado sijamwona hata mmoja akisinzia.