Utando wa Sarafu Kongwe za Fedha: Wa Asili au wa Bandia?

Utangulizi

Neno fedha katika Kiswahili lina maana mbili: madini meupe yang'aayo, na pesa kwa jumla. Maana hizo zilikuwa kitu kimoja enzi sarafu zilipofuliwa kwa madini hayo. Kiboko, katika Kaunti ya Makueni, ni mahali panapoikumbusha enzi hiyo. Mji huo mdogo uko kati ya Makindu na Emali, katika ukanda uliopitiwa na misafara ya pembe za ndovu, kisha na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Reale ya Maria Theresa, rupia za India, rupia za Mombasa za mwaka 1888, florini ya mwaka 1920 na shilingi zilizoanza kutolewa mwaka 1921 ni fedha zilizotumika kwa nyakati mbalimbali katika njia hiyo ya kutoka pwani kwenda bara.

Leo sarafu hizo hutafutwa na wakusanyaji, na yenye rangi za kupendeza huweza kupata bei kubwa zaidi. Hapo ndipo udanganyifu unapozuka. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupambanua utando wa asili na wa bandia.

Rangi hutoka wapi?

Wengi huuita weusi wa fedha kutu. Istilahi hiyo inapotosha, kwa kuwa kutu hula chuma hadi ndani. Katika fedha, gesi zenye salfa zitokazo katika moshi wa makaa ya mawe, mpira, sufu na baadhi ya karatasi huungana na uso wa sarafu na kufanya salfidi ya fedha. Utando ndilo jina linalofaa zaidi.

Nuru hurudishwa na uso wa juu wa utando na vilevile na fedha iliyo chini yake. Mawimbi hayo yakutanapo, baadhi ya rangi hufifia na nyingine hudhihirika. Kwa hiyo, rangi ni kipimo cha unene: kwanza manjano hafifu, kisha wekundu wa kahawia, zambarau na samawati. Unene ukizidi, rangi hujirudia, na hatimaye huja weusi.

Dalili za kuchunguza

Kwanza ni mfuatano wa rangi. Utando wa asili aghalabu huanzia ukingoni na kuelekea katikati, rangi zikipokezana taratibu. Samawati kali inayopakana na weupe mtupu, bila manjano wala zambarau kati yake, yatia shaka.

Pili ni mahali ulipo utando. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu huwa na utando mwembamba kwenye sehemu zilizoinuka, na mzito katika vijibonde kandokando ya herufi. Rangi ya bandia mara nyingi hufunika pote kwa namna moja, hata ndani ya mikwaruzo mipya.

Tatu ni hali ya uso ulio chini. Kioo cha kukuzia kikionyesha mistari myembamba iliyoelekea upande mmoja, sarafu ilisuguliwa, na huenda rangi ilitiwa ili kuificha aibu hiyo. Hata hivyo, sarafu iliyosuguliwa zamani inaweza kuota utando wa asili upya. Utando utakuwa wa kweli, lakini sarafu imekwisha kuharibika.

Nne ni madini yenyewe. Rupia ilikuwa na fedha takriban asilimia 92, reale asilimia 83, florini ya 1920 asilimia 50, na shilingi ya 1921 asilimia 25 tu. Shaba nyingi iliyomo katika shilingi huelekeza utando kwenye kahawia na kijivu. Shilingi yenye rangi zote za upinde wa mvua yafaa iulizwe maswali.

Tarehe nayo isitegemewe kupita kiasi. Reale huandikwa 1780 daima, ingawa iliendelea kufuliwa hadi karne ya 20. Kwa hiyo inayong'aa si lazima iwe imesuguliwa.

Mipaka ya vipimo

Asetoni huondoa mafuta, vanishi na baadhi ya rangi za kupakwa, lakini haiigusi salfidi. Rangi ikitoka, udanganyifu umefichuka. Isipotoka, bado hakuna kilichothibitishwa, kwani anayeiweka sarafu penye salfa na joto hupata salfidi ileile iliyoletwa na miaka hamsini sandukuni. Kikemia, utando wa asili na wa bandia waweza kuwa kitu kimoja. Tofauti yao ni muda na nia.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba dalili moja haitoshi. Kama mhakiki wa miswada anavyolinganisha karatasi, wino na mwandiko, mchunguzi wa sarafu hulinganisha rangi, mahali, uso, madini na habari za utunzaji, akiuliza iwapo vyote vinasimulia kisa kimoja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la sarafu, kibaya hujipamba kwanza. Naye aliyerithi rupia nyeusi asiisugue kwa jivu wala mchanga. Weusi huo ndio ushahidi wa safari yake, na ukishaondolewa haurudishiki.