Mtoto mwenye ulemavu: Masomo ya nyumbani yawe njia ya kumfikisha shuleni

Na Mwandishi Wetu, Masasi

WAHENGA walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo hutumiwa mara nyingi kuwakumbusha wazazi wajibu wa kumlea mtoto katika maadili mema. Kwa mzazi ambaye mtoto wake amechelewa kuketi, kutembea au kusema, ina uzito zaidi, kwa kuwa miaka ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa maisha.

Katika wilaya za Masasi na Newala mkoani Mtwara, kama ilivyo kwingineko nchini, wapo watoto wenye mtindio wa ubongo, usonji, ulemavu wa akili, kifafa au matatizo ya usikivu ambao umri wa kwenda shule huwakuta wangali nyumbani.

Baadhi yao hufundishwa na mama, bibi au kaka kila siku, hata kama ni kushika kikombe au kutaja jina. Wengine hufungiwa ndani asubuhi na kufunguliwa jioni wakubwa wanaporejea kutoka shambani. Kwa mpita njia, nyumba hizo mbili zinafanana, maana kote mtoto haonekani shuleni. Kwa mtoto mwenyewe, tofauti ni kubwa.

Makala haya yanaeleza sheria inasema nini kuhusu mtoto huyo, namna mzazi asiye mwalimu anavyoweza kumfundisha nyumbani, na kwa nini masomo hayo yanapaswa kuishia kwenye lango la shule.

Zipo nchi ambazo mzazi huruhusiwa kumsomesha mtoto wake nyumbani badala ya shuleni. Nchini Marekani jambo hilo ni halali katika majimbo yote 50, na Uingereza mzazi anaweza kulifanya kwa masharti. Nchini Ujerumani, kwa upande mwingine, mtoto analazimika kuhudhuria shule.

Tanzania imeegemea upande wa shule. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inamtaka mzazi kuhakikisha kuwa mtoto aliyefikisha umri wa miaka 7 anaandikishwa na kuhudhuria masomo ya shule ya msingi. Ulemavu haumwondoi mtoto katika wajibu huo wala katika haki hiyo.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka huo huo Bunge likatunga Sheria ya Mtoto Na. 21. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ilifuata mwaka 2010, ikieleza kwamba mtoto mwenye ulemavu atasoma katika shule za kawaida, za umma au za binafsi, akipatiwa msaada anaouhitaji, isipokuwa pale ambapo mahitaji yake maalumu ya mawasiliano yanadai utaratibu tofauti.

Aidha, tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za umma hutolewa bila ada. Hata hivyo, kufutwa kwa ada hakukufuta umbali.

Mji wa Newala upo ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, ukitazama bonde la Mto Ruvuma, ilhali Masasi ipo magharibi mwa uwanda huo, chini, katikati ya vilima vya mawe. Juu uwandani udongo ni wa kichanga na mito ya kudumu hakuna, hali ambayo kwa miaka mingi imewafanya wanawake kuteremka mabondeni kufuata maji. Kiti cha magurudumu hukwama katika mchanga wa namna hiyo, na mama aliyezoea kumbeba mtoto mgongoni hufika mahali akashindwa kadiri mtoto anavyoongezeka uzito.

Kalenda ya kilimo nayo ina sehemu yake. Korosho huanza kuokotwa na kuuzwa miezi ya mwisho ya mwaka, na familia nzima huhitajika shambani. Ni katika miezi hiyo hiyo, kwa kawaida kuanzia Oktoba, ambapo shule huandikisha watoto wa darasa la awali na darasa la kwanza. Mtoto asiyeweza kutembea mwenyewe hadi shuleni kuandikishwa husahaulika kwa urahisi wakati wazazi wapo kwenye mikorosho au wanasubiri malipo ya mnada wa chama cha msingi.

Hatua ya kwanza kwa mzazi ni kulitambua tatizo mapema. Watoto wengi huketi bila kushikiliwa kabla ya kutimiza miezi 9, hutembea kabla ya miezi 18, na huanza kuunganisha maneno mawili wanapokaribia miaka 2. Mtoto aliyepitwa na vipindi hivyo si lazima awe na ulemavu, lakini anapaswa kuonwa na mtaalamu. Hali kadhalika mtoto aliyeanza kusema kisha akanyamaza.

Pa kuanzia ni kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu, ambako mzazi ataomba rufaa ya kwenda hospitali. Wilaya ya Masasi ina Hospitali ya Mkomaindo na ile ya Ndanda iliyoanzishwa na wamisionari wa Kibenediktini, Newala ina hospitali yake ya wilaya, na mjini Mtwara ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula.

Masikio na macho yapimwe kabla ya mengine yote. Mtoto anayeitwa mzito wa akili huenda hasikii vizuri kwa sababu ya usaha uliokaa masikioni muda mrefu, na masomo yoyote atakayopewa kwa sauti ya kawaida yatapotea bure.

Chanzo cha ulemavu nacho kieleweke. Mtoto kuchelewa kulia na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuudhuru ubongo. Zipo pia hali anazozaliwa nazo mtoto, na nyingine ambazo chanzo chake hakijulikani. Mama hakuleta ulemavu huo kwa kuvunja mwiko, na degedege haitokani na mdudu wala jini. Mtoto anayepata degedege apelekwe hospitali haraka, na mwenye kifafa asiachishwe dawa bila ushauri wa daktari.

Baada ya hapo ndipo yanapoanza masomo. Wazazi wengi hudhani kwamba kumfundisha mtoto wa namna hii kunahitaji vifaa vya gharama au elimu kubwa. Historia inaonyesha vinginevyo.

Mwaka 1969, katika mji mdogo wa Portage, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ulianzishwa mpango wa kuwafundisha nyumbani watoto wadogo wenye ulemavu katika eneo la vijijini ambako nyumba zilikuwa mbalimbali. Mwalimu alimtembelea mzazi mara moja kwa juma. Walichagua pamoja jambo moja au machache ya kufundisha, mwalimu akaonyesha namna ya kulifanya, kisha mzazi akaliendeleza kila siku hadi ziara iliyofuata. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilitoa mwongozo mwaka 1989 unaomweka ndugu wa familia kuwa mkufunzi wa mtu mwenye ulemavu katika jamii yake.

Msingi wa mbinu hiyo ni kuligawa jambo moja katika hatua ndogo. Kuvaa fulana, kwa mfano, kuna hatua za kupitisha kichwa, mkono mmoja, mkono wa pili, na kuishusha hadi kiunoni. Mzazi hufanya zote isipokuwa ya mwisho, akamwachia mtoto aishushe mwenyewe na kumsifu. Akishaizoea, huachiwa pia mkono wa pili, na kuendelea kurudi nyuma hivyo hadi aweze kuivaa yote. Kwa njia hii kila somo huisha kwa mtoto kufaulu.

Robo saa asubuhi na robo saa jioni inatosha kwa kuanzia, mradi iwe kila siku na lengo liwe moja kwa juma. Mtoto mwenye usonji hunufaika mambo yanapofuatana kwa mpangilio ule ule. Kumwonyesha ndoo kabla ya kumwogesha, au sahani kabla ya kumlisha, humjulisha kinachofuata na kumpunguzia hofu.

Vifaa vipo nyumbani. Kutenganisha punje za mahindi na mbaazi hufundisha kutambua tofauti, na kuhesabu vizibo vya soda au madumu ya maji hufundisha namba. Mtoto ambaye bado hutia kila kitu mdomoni apewe vitu vikubwa asivyoweza kumeza. Korosho ghafi zisitumike kamwe, kwa kuwa ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe akiwa amelazwa chali, maana chakula huweza kupita njia ya hewa. Akalishwe wima, kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo. Kiti cha mbao chenye egemeo na mkanda kinaweza kuchongwa na fundi wa kijijini. Hata shimo fupi lililochimbwa kwenye mchanga chini ya kivuli cha mkorosho huweza kumsaidia mtoto kuketi, ilimradi mtaalamu wa tiba ya viungo awe ameshauri na mtu mzima awe karibu.

Swali la lugha huwatatiza wengi. Mtoto asemeshwe kwa lugha ambayo wazazi wanaimudu vyema, iwe Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kiswahili. Kuzungumza naye kwa lugha ya nyumbani hakumcheleweshi. Maneno ya Kiswahili atakayoyahitaji darasani, kama vile njoo, kaa, nipe na chooni, yaongezwe taratibu.

Kwa kuwa jamii hizi hufuata ukoo wa upande wa mama, bibi na wajomba wana sauti kubwa katika malezi. Nao washirikishwe, ili wote watumie maneno na ishara zile zile. Jamii za kusini zina ujuzi wa muda mrefu wa kufundisha pasipo ubao wala chaki, kwani jando na unyago hufundisha kwa nyimbo, vitendo na kurudia. Ujuzi huo unamfaa sana mtoto anayejifunza polepole.

Jambo lingine muhimu ni daftari. Kila juma mzazi, au ndugu ajuaye kuandika, aandike mtoto alifundishwa nini, ameweza nini na ameshindwa nini. Siku ya kuandikishwa, daftari hilo litamweleza mwalimu mambo ambayo angehitaji miezi kadhaa kuyagundua: kwamba mtoto anasikia upande mmoja, huomba maji kwa kunyoosha kidole, au hutulia akiimbiwa.

Kwa upande wa shule, matatizo yapo. Madarasa mengi yana wanafunzi wengi, na si kila shule ina mwalimu aliyesomea elimu maalumu katika vyuo kama Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha. Hata hivyo, mwalimu mkuu na mzazi wanaweza kukubaliana mtoto aanze kwa saa chache, ndugu akimsindikiza majuma ya mwanzo, huku masomo ya nyumbani yakiendelea jioni. Mzazi akikataliwa, aende kwa ofisa elimu maalumu au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri akiwa na daftari lake na karatasi za hospitali.

Kuna sababu ya kusisitiza shule hata kwa mtoto anayefundishwa vizuri nyumbani. Machi 2020 shule zote nchini zilipofungwa kutokana na ugonjwa wa corona, hadi shule za msingi zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Juni, wazazi wengi walijionea namna ilivyo vigumu kubeba peke yao kazi ya mwalimu. Mama wa mtoto mwenye ulemavu huibeba kwa miaka, tena akiwa na maji ya kuteka na shamba la kulima. Mama huyo akiugua, masomo yote husimama. Zaidi ya hapo, mtoto anahitaji watoto wenzake, na wenzake wanahitaji kumzoea wangali wadogo, kwani ndio watakaokuwa majirani zake ukubwani.

Kumfungia ndani ni jambo la kutisha zaidi. Mtoto aliyeachwa peke yake hawezi kukimbia moto, wala kumtaja aliyemtendea ubaya. Sheria ya Mtoto inampa mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji anapoona haki za mtoto zinakiukwa, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo.

Halmashauri nazo zina deni. Hukusanya ushuru wa korosho kila msimu, na sehemu ndogo ya fedha hizo ingeweza kununua mafuta ya pikipiki ya mwalimu mmoja wa elimu maalumu ili azungukie vijiji na kuwatembelea wazazi, kama ilivyofanyika Portage. Bila ziara hizo, mama wa kijijini atabaki akibahatisha.

Wakati huohuo, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake wanaweza kufanya jambo lisilohitaji bajeti: kuorodhesha nyumba zenye watoto wa namna hii kabla ya Oktoba, wazazi hawajatawanyika mashambani, na kuyafikisha majina hayo kwa mwalimu mkuu.