Chaka na Shaka

Ndugu msomaji, kati ya neno Chaka na neno shaka kuna tofauti ya herufi moja tu. Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotutaka kila mmoja aandike makala ya kufafanua jambo analolijua, wenzangu walikimbilia ufugaji wa kondoo, kilimo cha viazi na historia ya reli ya Nanyuki. Mimi nikamwambia nitaandika kuhusu shaka. Akauliza, "Shaka gani tena?" Nikamjibu, "La kumtumaini Mungu wakati mambo yamekataa, Mwalimu." Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisizidishe kurasa nne.

Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Chaka, mji ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, ambao wengi wenu mnaujua kwa nyama choma na vumbi. Kaka yangu mkubwa alikuwa mwendeshaji wa bodaboda. Nilipokuwa kidato cha pili alipata ajali jioni moja akirudi kutoka upande wa Naro Moru, akalazwa hospitalini siku 19 bila kufumbua macho. Siku hizo zote nyumba yetu iligeuka kanisa. Mama alifunga. Majirani walikuja jioni baada ya jioni. Hapa shuleni Chama cha Wakristo kilifanya kesha kwa ajili yake, na ndugu mmoja aliyekuja kutuhubiria akatuambia tuache kuomba, tuanze kushukuru, kana kwamba mgonjwa amekwisha pona. Basi tukashukuru. Tukapiga makofi na kuimba hadi alfajiri, sauti zikatukauka.

Jumanne iliyofuata niliitwa ofisini. Nilipomwona mjomba amesimama pale, kofia mkononi, sikuhitaji kuambiwa neno.

Sitasimulia mazishi. Nyote mmewahi kuhudhuria mazishi, na yote yanafanana. Nataka kueleza yaliyofuata, maana hayo ndiyo hasa makala yangu.

Kwanza niliambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Msemo huu tunaupenda sana huku kwetu. Huchapishwa hata kwenye ratiba ya mazishi. Huenda ni wa kweli, mimi si wa kubishana. Ila nimegundua kwamba husemwa zaidi na waliosimama kuwaambia walioketi. Wa pili wakaniambia kwamba Mungu alimpenda zaidi. Na wa tatu alikuwa mwanafunzi mwenzangu, aliyeniambia kwa upole kabisa, tukiwa foleni ya githeri, "Labda usiku ule kulikuwa na mtu mmoja asiye na imani."

Msomaji, mtu huyo nilikuwa mimi. Katikati ya kesha, watu wakiimba, wazo lilinipitia kichwani kwamba kaka atakufa. Lilikuja likaondoka, sekunde moja tu. Lakini muhula mzima baada ya maneno yale niliamini kwamba sekunde ile ndiyo iliyomuua. Sikumwambia mtu. Alama zangu zikaanguka, na nikaacha kuomba, si kwa hasira bali kwa woga: niliogopa nikiomba tena nitamdhuru mtu mwingine.

Hebu sasa tulichambue neno lenyewe, kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili. Imani, amini, amana, amani na mwaminifu ni maneno ya ukoo mmoja, yote yametoka katika shina moja la Kiarabu. Mimi napenda kuanzia kwenye amana. Amana ni kitu unachomwachia mtu akutunzie. Unamwachia kwa sababu unamjua yeye, wala si kwa sababu umepiga hesabu ukaona faida itakuwa kiasi gani. Kumbe tulivyofanya usiku ule ni kitu kingine. Tuliichukua imani kama kutuma pesa kwa simu: weka nambari ya siri sawasawa, pesa zifike, ukikosea tarakimu moja, zigome. Mtu akiishi na imani ya namna hiyo, siku mambo yakigoma lazima atafutwe aliyekosea tarakimu. Wakati mwingine huyo ni Mungu. Wakati mwingine ni mtoto wa kidato cha pili.

Ayubu naye alitafutiwa kosa. Kisa chake tunakijua Wakristo na Waislamu, na hata washairi wa pwani walimtungia utenzi wa zamani, Utenzi wa Ayubu, ambao J.W.T. Allen aliuchapisha pamoja na tendi nyingine katika kitabu chake Tendi mwaka 1971. Kwa kawaida Ayubu husifiwa kwa subira. Lakini ukikisoma kitabu chake katika Biblia, sura zote 42, utashangaa jinsi mtu huyu mwenye subira alivyo na maneno makali. Ameilaani siku aliyozaliwa. Amemtaka Mungu waonane ana kwa ana wapelekane mashtaka. Rafiki zake ndio waliosema maneno ya adabu, kwamba Mungu ni wa haki na kwa hiyo lazima Ayubu kuna alilofanya. Mwishoni Mungu anawakasirikia nani? Hao rafiki. Anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilirudia kusoma nikidhani nimekosea mstari.

Jambo bora walilofanya rafiki hao walilifanya mwanzoni, walipoketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema kitu. (Wanachama wenzangu, mkija matangani tafadhali likumbukeni hilo.) Watu wengi hupenda mwisho wa kisa, Ayubu anapopata watoto wengine kumi. Mama yangu hapapendi. Yeye husema hakuna mtoto wa badala.

Sasa nije karibu na nyumbani. Shosho wangu ni Mkatoliki kutoka Gikondi, huko Mukurwe-ini. Sisi wengine tunakwenda PCEA. Likizo ile alinichukua nikakae naye, na ndipo nilipoanza kumfuatilia mtu ambaye jina lake nilikuwa nalisikia tu, Sista Irene Stefani, ambaye Wagikuyu walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891, akafika Kenya mwaka 1915 pamoja na masista wa Consolata. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimepamba moto. Waingereza waliwakusanya vijana wa Kiafrika kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wawabebee mizigo ya jeshi. Hao ndio walioacha jina lao katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sista Irene aliwauguza katika hospitali za jeshi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Fikiria, mpendwa msomaji, ni maombi mangapi aliyoyasikia mle ndani, na ni wangapi walioamka asubuhi.

Baada ya vita alitumwa Gikondi, akakaa huko miaka kumi akifundisha, akiwatembelea wagonjwa vilimani na viatu vyake vizito, na kuwaandikia barua akina mama ambao wana wao walikwenda kutafuta kazi mbali. Mwaka 1930 tauni ilizuka. Mwalimu mmoja aliugua, Irene akaenda kumuuguza, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39.

Nilimuuliza shosho, "Hakuna aliyemwombea?" Akanicheka. "Gikondi nzima iliomba," akasema, nikaona wazi kwamba kwake hilo halikuwa fumbo la kumkosesha usingizi. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Mwanamke aliyewaombea wengine maisha yake yote hakupona. Je, naye kulikuwa na mtu aliyewaza vibaya kwa sekunde moja?

Hapo ndipo mzigo wangu ulipoanza kushuka. Kama tauni ya Gikondi haikuwa kosa la yeyote katika waliopiga magoti, basi ajali ya kaka nayo haikuwa kosa langu. Sikupata jibu la kwa nini. Nilichopata ni kwamba swali nililokuwa nikijiuliza halikuwa sahihi.

Nisiwafiche upande wa pili. Tarehe 23 Mei 2015 Nyaatha alitangazwa mwenye heri hapa Nyeri, katika ibada iliyoongozwa na Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam. Muujiza ambao Kanisa Katoliki liliukubali ulitokea Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji, Januari 1989. Watu wapatao 270 walikwama kanisani wakati wa vita, wakamwomba Sista Irene, na maji kidogo ya chombo cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Anayeamini aamini, asiyeamini nitamwelewa. Mimi kinachonisumbua ni kwamba vita vile vya Msumbiji viliendelea hadi mwaka 1992, na kwa jumla waliokufa wanakadiriwa kuwa kama milioni moja. Kwa nini Nipepe kukawa na maji, na kijiji cha jirani kusiwe nayo? Nilimuuliza shosho hilo pia. Safari hii hakucheka. Akasema, "Hilo muulize Mungu, usiniulize mimi." Wakati ule niliona amenikwepa. Siku hizi naona alinielekeza mahali pa kulipeleka.

Wazee wetu walikuwa na desturi yao. Waliomba wakiukabili Kirinyaga, chini ya mugumo, na sisi tunaoishi huku Kieni, upande mkavu wa mlima, tunajua ombi lao kubwa lilikuwa nini. Mvua ilikataa mara nyingi. Shosho anakumbuka mwaka 1984, ukame uliowaleta watu kwenye foleni za mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Wengine wetu tunakumbuka ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Nimewauliza wazee wawili hapa sokoni kama mvua ilipokosa watu waliacha kuomba. Mmoja alishangazwa na swali. Kwani mtoto akinyimwa chakula, akasema, atahama nyumbani au atalia mlangoni?

Zaburi nazo zimejaa kilio hicho cha mlangoni. Ile ya 88 haina hata tamati ya faraja. Inaishia gizani, na bado imo ndani ya kitabu cha kuimbia ibadani. Kwa hiyo anayelalamika kwa Mungu bado anazungumza naye. Nilipoacha kuomba kwa woga ndipo nilipokuwa mbali zaidi, ingawa nje nilionekana mtulivu na walimu walinisifu kwamba nimejikaza.

Mtaniuliza sasa kama shaka limekwisha. Aa, wapi! Lipo. Asubuhi mawingu yakiondoka na mlima ukaonekana mweupe pale juu kwenye ncha, huwa naamini bila taabu. Nikipita kwenye steji na kuona pikipiki zimepangwa, huwa siamini chochote. Hali zote mbili huweza kunipata kabla ya kengele ya kwanza.

Mwenzangu wa foleni ya githeri nilimweleza yote muhula uliopita. Alilia, akaniomba radhi, akasema maneno yale na yeye alikuwa ameambiwa babake alipofariki.

Ijumaa iliyopita mwenyekiti wa Chama cha Wakristo aliniomba niongoze maombi. Nilimwambia bado sijaweza. Akaomba mwingine, nami nikabaki kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka walipomaliza.