Maboma ya Ngorongoro: Mchezo ambao wachezaji hawakuandika kanuni zake

WATOTO wanaocheza baba na mama uani wana sheria moja ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Tope lililofinyangwa ni ugali, na majani ya mpapai yaliyokatwakatwa ni mboga. Mtoto atakayetamka kuwa "hili si ugali, ni tope" hufukuzwa mara moja. Hakusema uongo, ila ameuvunja ulimwengu ambao wenzake wote walikuwa wamekubali kuishi ndani yake.

Watu wazima nao wana michezo ya aina hiyo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao wachezaji huketi kuizunguka meza, kila mmoja akichukua nafasi ya askari, mchawi au mwizi, na kwa pamoja wakaisukuma mbele hadithi ya nchi ya kubuni. Nchi hiyo ikishakubaliwa haichezewi. Askari wa enzi za upanga hawezi kutoa simu mfukoni, na anayefanya hivyo huwaharibia wote.

Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, mchezo unaofanana na huo huchezwa karibu kila siku ya msimu wa utalii, ingawa si wengi wangekubali kuuita mchezo. Kando ya barabara itokayo ukingo wa kreta kuelekea Serengeti yapo maboma ya utamaduni ya Wamasai, likiwamo la Seneto. Gari husimama, malipo hufanywa, kinamama na morani hupokea wageni kwa nyimbo na kuruka juu. Mgeni huinama kuingia katika nyumba ya udongo na samadi, huonyeshwa darasa dogo la watoto wanaosoma herufi kwa sauti, kisha hupitishwa penye shanga zinazouzwa.

Mgeni huyo hakuja mikono mitupu. Amekuja na Umasai alioupata katika filamu, vitabu na vipeperushi vya kampuni za safari, na ndani ya picha hiyo hamna pikipiki wala simu, vitu ambavyo vimeenea umasaini kama vilivyoenea kwingineko nchini. Dereva anaifahamu picha hiyo, na mwenye boma anaifahamu zaidi. Kila mmoja hutimiza sehemu yake.

Kanuni za mchezo huu ziliwahi kuandikwa waziwazi na watafiti katika nchi jirani. Mwanaanthropolojia Edward Bruner na mwenzake Barbara Kirshenblatt-Gimblett, katika makala waliyoichapisha mwaka 1994, walieleza maonyesho ya Mayers Ranch, shamba la familia ya kizungu katika Bonde la Ufa nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 1968. Wamasai waliocheza pale hawakuruhusiwa kuonekana na saa za mkononi, fulana wala soksi za wacheza mpira. Redio na vyombo vya plastiki vilifungiwa mbali na macho ya wageni. Baada ya ngoma, watalii walivuka kwenda kunywa chai katika bustani ya wenye shamba. Maonyesho hayo yalifungwa katika miaka ya 1980 baada ya kulalamikiwa kuwa yanaendeleza taswira ya kikoloni.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hata hicho kinacholindwa kwa bidii si cha kale kama kinavyodhaniwa. Wamasai walivaa ngozi kwa vizazi vingi, na shuka za kitambaa cha dukani zilizichukua nafasi yake taratibu katika karne ya 20. Shanga za kioo zililetwa na wafanyabiashara kutoka Ulaya, na hadi leo nyingi hutengenezwa Jamhuri ya Cheki. Aidha, mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ya Tanzania yenyewe iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache shuka na kujipaka ngeu, wavae suruali, kwa maelezo kuwa mavazi yao yaliitia nchi aibu. Vazi lililokuwa aibu mwaka 1968 ndilo linalopamba matangazo ya utalii miongo kadhaa baadaye. Mzee aliyeyaishi yote mawili ana haki ya kuuliza ni lini hasa alikuwa Mmasai halisi.

Upande wa Karatu mchezo huanza kabla ya jua kuchomoza. Magari hutoka mjini gizani kuelekea Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ili kuwawahi Wahadzabe wakitoka kuwinda kwa upinde. Hawa ni watu wapatao elfu moja na ushei, wenye lugha ya vidoko isiyo na ndugu anayejulikana. Mgeni hutazama moto ukipekechwa kwa kijiti, hufuata wawindaji vichakani, kisha hupelekwa kwa wahunzi wa Kidatoga wanaofua vichwa vya mishale kutoka kwenye misumari na vyuma chakavu. Ujuzi wote huo ni wa kweli. Kinachobaki nje ya picha ni unga wa mahindi, ambao umekuwa sehemu kubwa ya chakula cha familia nyingi za Kihadzabe, na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola yaliyosogea hadi kwenye maeneo waliyokuwa wakichuma na kuwinda.

Wairaqw, ambao ndio wengi wilayani Karatu, hawana nafasi kubwa katika hadithi hii. Wanalima ngano na mahindi, na wageni wengi huwapita wakielekea kreta, bila kujua kuwa mababu zao walichimba nyumba ndani ya ardhi ili kuficha mifugo isiporwe.

Hata hivyo, tofauti kubwa kati ya meza ya Gygax na boma la Ngorongoro iko katika gharama ya kuvunja kanuni. Mezani, anayekosea hucheza tena kesho. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 iwe eneo ambalo wanyamapori na wafugaji wataishi pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena. Wakazi waliokadiriwa kuwa 8,000 mwanzoni wamezidi 100,000, na katika mjadala uliofuata, nyumba za bati na magari ya wakazi vimetajwa kama ushahidi kuwa wafugaji waliokusudiwa na sheria ile hawapo tena. Kwa maneno mengine, mkazi anatakiwa abaki kama alivyochorwa, na akibadilika kama Watanzania wengine, haki yake ya kukaa inatiliwa shaka. Hoja hiyo ya mabati ni dhaifu, kwani uharibifu wa malisho hupimwa kwa nyasi na maji, wala haupimwi kwa paa.

Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwahamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni, ikisema wanahama kwa hiari na kwa ajili ya kuokoa hifadhi, jambo ambalo sehemu ya wakazi na watetezi wa haki wamelipinga. Agosti 2024, baada ya tangazo la Serikali kuvifuta vijiji vya Ngorongoro katika orodha ya maeneo ya utawala, maelfu ya wakazi walijaa katika barabara ya watalii. Siku chache baadaye Mahakama Kuu mjini Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Wageni waliokuwa ndani ya magari yaliyokwama waliziona shuka zilezile walizokuja kuzipiga picha, safari hii zikiwa zimevaliwa na watu wenye mabango, wakidai vituo vya kujiandikisha kupiga kura.