PS2, PS4 au PS5: hesabu ya banda la gemu

Kila msimu wa kahawa swali hili hurudi, kuanzia Bukoba mjini hadi Kamachumu na Nshamba: nimepata hela kidogo, nataka kufungua banda la gemu, ninunue mashine ipi? Mara nyingi hela yenyewe ni ya familia nzima, kwa hiyo msikilizaji, tupige hesabu kabla haijatoka mfukoni.

Tuanze na picha. PS2 ilitoka mwaka 2000, na mashabiki wake jukwaani wanaonekana kama wamekatwa kwenye karatasi. PS4 ya mwaka 2013 inakuonyesha hadi mikunjo ya jezi. PS5 ya mwaka 2020 inafika 4K, yaani nukta mara nne ya picha ya kawaida ya PS4. Hapo kijana anaona jibu ni PS5.

Lakini picha hiyo inahitaji TV ya kuionyesha. PS4 na PS5 zinachomekwa kwa waya wa HDMI tu, na TV ya chogo haina tundu hilo. PS2 ndiyo inayokubali zile waya tatu: njano, nyeupe na nyekundu. Ukiunga PS5 kwenye TV flati isiyo ya 4K, umelipia nukta ambazo mteja hazioni. Kwa maoni yangu, kwenye inchi 32 hakuna atakayekuongezea hela kwa ajili ya tofauti ya PS4 na PS5.

Umeme watu wanauogopa kupita kiasi. PS5 ikicheza inakula wati 200 hivi, PS2 ile nyembamba wati 30 hivi. Kwa saa 10 PS5 inamaliza uniti 2. Tukichukulia shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni 700 kwa siku, na PS2 ni kama 100. Ukitoza shilingi 300 kwa mechi, mechi mbili zinafidia tofauti hiyo. Kinachoua mashine ni umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, basi tenga hela ya stebilaiza. Wa sola ajue kwamba betri ndogo ya taa na simu haitawasha PS5 na TV.

Bando ndilo linalowashtua wengi. Gemu la mpira la siku hizi linazidi GB 40. Kuna PS5 isiyo na sehemu ya CD. Ilipotoka Marekani iliuzwa dola 399, wakati yenye CD ilikuwa 499. Inaonekana nafuu, ila kila gemu utalipakua na huwezi kuazima CD kwa jirani. Pedi nazo zinakufa haraka, maana kijana akifungwa goli anabonyeza kama anatwanga karanga.

Mbona basi tusibaki na PS2? Kwa sababu FIFA yake ya mwisho ni FIFA 14, na vijana wanataka vikosi vya sasa. PS4 bado ilipata EA Sports FC 26, iliyotoka mwaka 2025. Mimi ningenunua PS4 mbili zilizotumika kuliko PS5 moja: wateja wanne wanacheza kwa wakati mmoja, na moja ikiharibika banda halifungwi.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda na CD yako. Cheza mechi nzima palepale dukani, sikiliza kama feni inanguruma, jaribu pedi zote mbili, ndipo utoe hela.