Rerum Novarum

Rerum Novarum (kwa Kilatini: "ya mambo mapya") ni ensiklika, yaani barua rasmi ya kichungaji, iliyotolewa na Papa Leo XIII tarehe 15 Mei 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwanzo wa mafundisho ya jamii ya Kanisa Katoliki ya nyakati hizi.

Mazingira

Katika karne ya 19 viwanda vilibadilisha maisha ya Ulaya. Watu wazima kwa watoto walitumikishwa saa nyingi kwa ujira mdogo. Karl Marx na Friedrich Engels walikuwa wametoa Ilani ya Kikomunisti tangu mwaka 1848, hivyo wanaosema Roma ilichelewa hawakosei sana. Hata hivyo baadhi ya maaskofu hawakusubiri: Wilhelm von Ketteler wa Mainz, Ujerumani, alitetea wafanyakazi miaka mingi kabla, na mwaka 1889 Kardinali Henry Manning alisaidia kusuluhisha mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya London.

Mafundisho

Leo XIII alipinga wasoshalisti waliotaka kufuta mali ya binafsi. Papo hapo alidai serikali iwalinde kwanza maskini, kwa kuwa matajiri wana njia nyingi za kujilinda, akatetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao.

Hoja nzito zaidi inahusu mshahara. Waliberali wa wakati ule walisema kwamba mtu akikubali ujira kwa hiari, mwajiri akimlipa kama walivyopatana amemaliza wajibu wake. Papa alikataa. Kazi si bidhaa tu, kwa sababu mfanyakazi hana njia nyingine ya kuishi. Basi, akikubali malipo duni kwa kuogopa njaa, mapatano hayo si ya hiari kweli, bali ameonewa. Mshahara unapaswa kumtosha mtu mwenye kiasi kuishi. Ensiklika haitaji kiwango chochote cha fedha, jambo lililozua mabishano: je, mshahara umtoshe yeye peke yake au na familia yake? Pius XI alijibu katika Quadragesimo Anno (1931) kwamba utoshe familia pia.

Athari

Yohane Paulo II aliadhimisha miaka 100 ya barua hiyo kwa ensiklika Centesimus Annus (1991). Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alieleza kwamba alichukua jina hilo hasa kwa sababu ya Rerum Novarum, akitaja akili mnemba kama changamoto mpya kwa haki na kazi ya binadamu.