Kiingereza na Neno Lililokaa Vibaya

"The lid of the pot that was broken is in the kitchen." Sentensi hii ya Kiingereza haina kosa la sarufi. Lakini kilichovunjika ni nini, mfuniko au chungu? Mswahili husema "mfuniko wa chungu uliovunjika" au "mfuniko wa chungu kilichovunjika", na upatanisho wa ngeli unamaliza ubishi. Mwandishi wa Kiingereza hana budi kuhamisha maneno: "the broken lid of the pot", au "the lid of the broken pot".

Kiingereza hakikuwa hivyo tangu zamani. Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi karibu mwaka 1100, kilikuwa na viambishi vya mwisho vilivyosaidia kumtambulisha mtenda na mtendwa. Vilipopukutika, mzigo ukaangukia mpangilio wa maneno. Leo "The dog bit the man" ikipinduliwa, aliyeng'atwa anakuwa mng'ataji.

Neno "only" ndilo linalotega wengi. "She sells only fish on Friday": Ijumaa hauzi kingine. "She sells fish only on Friday": siku nyingine samaki hapatikani kwake. Ukiandika "She only sells fish on Friday", maana zote mbili zinawezekana. Katika mazungumzo mkazo wa sauti huondoa utata; kwenye karatasi mkazo hausikiki.

Anayekagua sentensi yake atafute kwanza kiima na kitenzi, aone kama havijaachana mno. Kisha maneno yote ya ufafanuzi ayasogeze jirani na kinachofafanuliwa. Utata ukibaki, aikate iwe sentensi mbili.

Uzembe katika jambo hili una bei. Katika jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Sheria iliorodhesha kazi zisizostahili malipo hayo, ikamalizia na "packing for shipment or distribution", bila mkato kabla ya "or". Je, usambazaji, ambao ndio kazi ya madereva hao, ni kazi inayojitegemea, au ni sababu ya kufungasha tu? Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona maneno hayo yana utata, ikawapa haki madereva. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Nao watunga sheria wa Maine waliiandika upya orodha: wakatenga kazi kwa nukta mkato, na "distribution" ikawa "distributing", ilingane na kazi nyingine zilizotangulia.